Alichekesha Dunia, Mwili Ukadai Vidonge

Je, umewahi kuangalia Friends kwenye TV? Basi unamjua Chandler, yule jamaa wa utani asiyejua kunyamaza. Aliyemwigiza ni Matthew Perry, Mmarekani aliyekulia Kanada. Mchezo ulianza 1994 ukaisha 2004, na mwishoni kila mmoja wa waigizaji wake wakuu sita alilipwa dola milioni 1 kwa kipindi kimoja. Si mchezo!

Mwaka 2022 Perry aliandika kitabu akatoboa yote. Pombe alianza akiwa na miaka 14. Baadaye, wakati wa kutengeneza filamu, alipata ajali, akapewa vidonge vya maumivu viitwavyo Vicodin.

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunadhani dawa ya hospitali haiwezi kumteka mtu. Kumbe Vicodin ni ndugu wa heroini, ule unga wa mitaani. Ikifika kwenye ubongo, maumivu yanatulia na unajisikia raha. Ukiendelea kuimeza ovyo, ubongo unaizoea. Kimoja hakitoshi, unataka viwili, kisha vitano. Perry alifikia vidonge 55 kwa siku! Na ukikatisha ghafla inakuja arosto: jasho, kutapika, kuharisha, mwili kuuma, usingizi hakuna. Hapo mtu hatafuti raha tena, anameza ili asiumwe. Ndiyo maana ukimwambia "si uache tu" humsaidii kitu. Anahitaji daktari, na muda.

Watazamaji walimwona akinenepa mara, akikonda mara, wakacheka. Yeye alisema kuna misimu ya Friends ambayo haikumbuki kabisa. Mwaka 2018 utumbo wake mpana ulipasuka kwa sababu ya dawa hizo. Alikaa wiki mbili bila fahamu, halafu miezi kadhaa akiishi na mfuko wa choo tumboni.

Usiseme hakujitahidi. Alikwenda kutibiwa mara nyingi, tangu 1997. Kuna vipindi alikuwa safi kabisa, hata akaigeuza nyumba yake ya Malibu kuwa makazi ya wanaume wanaoacha ulevi. Kuteleza tena ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, kama mwenye pumu anavyobanwa tena.

Tarehe 28 Oktoba 2023 alikutwa amekufa kwenye bwawa la maji moto nyumbani kwake Los Angeles, akiwa na miaka 54. Wapimaji walikuta ketamini nyingi mwilini, dawa inayotumika kama nusukaputi. Alikuwa akipewa kwa kipimo kama tiba ya sonona, lakini nyingine alikuwa akiuziwa kinyemela. Mwaka 2024 watu watano walishtakiwa, wawili kati yao madaktari, na wote walikiri makosa. Mmoja wa madaktari hao alikuwa amemwandikia mwenzake ujumbe wa simu akijiuliza huyu mjinga atakubali kulipa kiasi gani.