Oili ya giaboksi ya auto: inaua gari kuukuu au tunaisingizia?

Wadau, kuna kauli moja imezagaa sana mitaani: gari ya auto ikishatembea sana usiguse oili ya giaboksi, ukibadilisha tu imekufa. Gereji utaisikia, kijiwe cha teksi utaisikia. Na kweli wapo waliobadilisha Jumatatu, Ijumaa gari ikagoma kupanda kilima. Sasa je, oili mpya ndiyo muuaji? Leo tulichambue hili, maana giaboksi ikifa siyo hela ya mboga. Kwa kijana anayeendesha gari ya bosi, hesabu inamsubiri jioni, giaboksi ndiyo ajira yenyewe.

Tuanze na kazi yake. Kwenye giaboksi ya auto oili hailainishi tu. Inapoza, inasafisha, halafu ndiyo inayobeba nguvu. Kati ya injini na giaboksi kuna konveta, na humo nguvu inapitia kwenye oili. Tena presha ya oili ndiyo inayobana klachi za ndani ili gia ziingie. Oili ikichoka, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinapata moto, na huo moto unazidi kuichosha oili. Ndiyo hivyo, balaa linazaa balaa.

Adui mkubwa ni joto. Foleni ya jioni Ubungo, kupandisha Kitonga na mzigo, AC imewashwa muda wote. Kuna magari yalitoka kiwandani na maelezo kwamba oili yake haihitaji kubadilishwa kwa matumizi ya kawaida. Kawaida ya nani? Hiyo siyo ya kwetu. Kama kitabu cha gari huna au kimeandikwa Kijapani, kila kilomita 60,000 hivi ni makadirio salama. Na mita usiiamini sana, gari mtumba inaweza kuja ikiwa imeshachezewa.

Sasa kwa nini giaboksi zingine hufa baada ya kubadilishwa oili? Sababu ninazoziona ni nne.

Kwanza, tunachelewa. Watu wengi hawagusi oili mpaka gari ianze kuteleza. Mgonjwa akikaa nyumbani miezi sita kisha akafia hospitali, usilaumu dripu.

Pili, oili siyo yenyewe. Mtaani wengi wanaita haidroliki, na ukiomba haidroliki dukani unaweza kupewa yoyote yenye rangi nyekundu. Nyekundu ni rangi tu, siyo aina. Toyota nyingi za zamani zinataka Type T-IV, za baadaye zinataka WS. Honda wana ya kwao. Giaboksi za CVT zina oili yake kabisa, ukiweka ya kawaida umeiua kwa mkono wako. Angalia kwenye dipstiki, mara nyingi aina imeandikwa palepale.

Tatu, kusukuma oili yote kwa mashine yenye presha. Kwenye giaboksi iliyokaa miaka bila huduma, uchafu uliolala chini unaweza kuamshwa ukaziba vijinjia vidogo vya kwenye valvu.

Nne, kipimo. Oili pungufu, klachi zinateleza. Oili ikizidi, inapigwa mpaka inatoa povu, na povu halina presha.

Kwa hiyo kabla ya kufungua nati yoyote, chomoa dipstiki, pangusa kwenye kitambaa cheupe.

- Nyekundu au kahawia, gari inabadili gia vizuri: badilisha bila hofu.
- Nyeusi, ina harufu ya kuungua, lakini gari bado inaenda vizuri: badilisha kidogo kidogo, nitaeleza.
- Nyeusi, imeungua, na ukikanyaga mafuta injini inalia huku gari haiendi: oili mpya haiwezi kurudisha klachi iliyokwisha. Tunza hela ya giaboksi, usimlaumu fundi.
- Pinki kama maziwa: maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta. Tengeneza hilo kwanza, na gari usiiendeshe.

Haya, kidogo kidogo ni vipi? Ukifungua nati ya chini haitoki yote. Nyingine inabaki kwenye konveta na mabomba ya kupozea. Tuseme giaboksi inabeba lita 8 na zinatoka 4. Ukijaza 4 mpya, una nusu mpya. Endesha wiki mbili tatu, rudia: asilimia 75. Rudia tena: karibu 88. Giaboksi haishtuki, na hela unaitoa kwa mafungu.

Siku yenyewe, weka gari sehemu tambarare, injini iwe ya uvuguvugu, siyo ya moto mpaka uungue. Hakikisha nati unayofungua ni ya giaboksi na siyo ya injini, kwenye baadhi ya magari mafundi huzichanganya. Pima iliyotoka kwa chupa za lita, mimina kiasi hichohicho. Hapa kuna sharti: kama mwanzoni ilikuwa pungufu au imezidi, sahihisha kwa dipstiki. Kwenye Toyota nyingi unapima injini ikiwa inaunguruma na imepata moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P. Honda nyingi unazima kwanza. Gari isiyo na dipstiki mpelekee fundi anayejua kupima kwa joto la oili.

Angalia na sumaku ya ndani ya sampo kama imefunguliwa. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole siyo kawaida.

Oili chafu usimwage mtaroni jamani, hayo maji tunayatumia sisi wenyewe.

Kwa kifupi, oili mpya haiui giaboksi nzima. Inakuta imeshakufa. Kama yako bado inaingia gia vizuri, muda wa kubadilisha ni sasa, siyo siku utakapoanza kuulizia bei ya giaboksi mtumba Gerezani.

Mwenye swali aandike hapo chini aina ya gari, mwaka na dalili. Mafundi mliopo karibuni mkosoe.