Msafiri wa Peke Yake na Wenye Kumwuzia Upweke

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi ili waja wake watembee katika pande zake na kula katika riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe, tokea Shangani mpaka Malindi, huwaona wageni wanaotembea mmoja mmoja. Huyu ana mzigo mgongoni na simu mkononi, anatafuta nyumba aliyoipanga. Yule amekaa Forodhani peke yake akitazama bahari. Wengine utawakuta Paje, Jambiani na Nungwi. Wamevuka nusu ya dunia bila ya jamaa wala rafiki, na kwao jambo hili ni la fahari. Limekuwa pia ni biashara kubwa, yenye matangazo yake na wauzaji wake. Na kwa kuwa tangazo halichagui macho ya kulisoma, watoto wetu nao wanalisoma usiku na mchana. Basi yatupasa tulitazame jambo hili kwa utulivu, tujue ni kitu gani kinachouzwa, ni nani auzaye, na ni lipi lililo kweli ndani yake.

Namna upweke unavyouzwa

Wafanya biashara wa safari hawamwambii kila mtu neno moja. Huwagawa watu kwa tabia zao, kisha kila tabia huitengenezea maneno yake. Katika waliojulikana sana kwa elimu hii ni Mmarekani mmoja, Stanley Plog, aliyefanya uchunguzi kwa ajili ya mashirika ya ndege yaliyotaka kuongeza abiria. Katika makala aliyoitoa mwaka 1974 aliwapanga watu katika mstari mmoja. Upande huu wapo wapendao mazoea, wanaotaka mahali palipokwisha kujulikana. Upande wa pili wapo wenye kuthubutu, wanaojiamini na kujiamulia mambo yao, wapendao kwenda pasipokwendwa na wengi. Katikati ndiko walikojaa watu.

Akaeleza kwamba wenye kuthubutu ndio wanaotangulia kufika mahali papya. Wakirudi kwao husimulia, na watu wa katikati huwafuata. Hapo mahoteli hujengwa, na mahali pale hupoteza kile kile kilichowavuta wale wa mwanzo, nao hukimbilia kwengine.

Mtu wa Unguja akilisoma jambo hili atalielewa upesi, kwani ameliona kwa macho yake. Visiwa vyetu vilipoanza kufunguliwa kwa watalii katika miaka ya 1980, waliofika mwanzo ni pamoja na hao wenye mizigo mgongoni, wakilala katika nyumba ndogo za wageni na kula chakula cha wenyeji. Leo mahoteli makubwa yamejipanga katika fukwe za Nungwi na Kiwengwa. Mji Mkongwe umetiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na wageni waliofika katika mwaka 2024 pekee walipita 700,000. Kumbe yule msafiri wa mwanzo, aliyedhani kuwa anafuata rai yake peke yake, alikuwa ni daraja ya kwanza ya ngazi ambayo wauzaji wanaijua mpaka juu.

Maneno anayoambiwa mtu wa tabia hii ni mepesi: wewe si kama wengine, humhitaji mtu, nenda peke yako ukajijue nafsi yako. Lakini tuyapime. Neno hilo hilo huambiwa maelfu ya watu kwa siku moja, na kila mmoja huamini kuwa ameambiwa yeye. Mtu anayenunua kwa sababu ameambiwa kuwa hafuati watu, huyo amekwisha kufuata.

Tena tazameni matendo ya soko lenyewe. Mahoteli mengi huweka bei ya chumba kwa hesabu ya watu wawili, na ajaye peke yake hutozwa nyongeza. Basi upweke unaosifiwa katika tangazo hulipiwa faini mlangoni. Na makampuni mengi yanayouza safari za peke yako huwakusanya wateja wao kumi au kumi na watano, yakawapa kiongozi na gari moja, kwa sababu yanajua kuwa binaadamu hauvumilii upweke kwa muda mrefu. Hata vitabu vya kuongozea wasafiri vilivyo mashuhuri kabisa, vyenye jina la Lonely Planet, yaani sayari yenye upweke, vilianzishwa mwaka 1973 na mume na mkewe, Tony na Maureen Wheeler, baada ya kusafiri pamoja kutoka Uingereza hadi Australia. Jina ni la upweke, lakini safari iliyolizaa ilikuwa ya watu wawili.

Akili huru si mwili wa peke yake

Mtu asidhani kuwa tunaipiga vita akili inayojitegemea. Uislamu umeisifu. Nabii Ibrahim (A.S.) alisimama peke yake mbele ya baba yake na kaumu yake nzima, na Qur'ani ikamtaja kuwa yeye alikuwa umma. Ibn Mas'ud (R.A.) aliwakataza watu wasiwe bendera fuata upepo, wakiwa wema kwa kuwa watu ni wema, na waovu kwa kuwa watu ni waovu. Kijana asiyeweza kusema "hapana" mbele ya wenzake hajakamilika malezi.

Lakini kuwa na rai yako ni jambo moja, na kwenda njia bila ya mwenzio ni jambo jengine. Wauzaji wameyafunga mambo haya mawili katika kifurushi kimoja, na sisi yatupasa tuyafungue. Itazameni Hijra ya mwaka 622. Hapana safari iliyokuwa na uhuru mkubwa zaidi wa nafsi kuliko ile, Mtume (S.A.W.) kuiacha Makka na kabila lake. Lakini hakutoka peke yake. Alikuwa na Abu Bakr (R.A.), Asmaa binti Abu Bakr aliwafungia chakula, ndugu yake Abdullah aliwaletea khabari za Makureshi usiku, Amir bin Fuhaira aliwapelekea maziwa ya mbuzi, na njia walionyeshwa na Abdullah bin Uraiqit, mtu waliyemwajiri kwa ujuzi na uaminifu wake ingawa hakuwa Mwislamu.

Na katika mafunzo yake Mtume (S.A.W.) alituhadharisha na kusafiri usiku peke yetu, na akawaamrisha watu watatu watokao safarini wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Wala mlango haukufungwa moja kwa moja. Imamu Bukhari, katika mlango wake wa kwenda peke yako, ameweka hadithi hiyo ya onyo pamoja na khabari ya Zubair (R.A.) alivyokwenda peke yake kupeleleza maadui katika vita vya Handaki. Kwa hiyo penye haja na manufaa mtu huenda, lakini upweke haufanywi kuwa ndio makusudio.

Ibn Battuta na wale waliompokea

Wapo watakaosema: mbona Ibn Battuta alisafiri peke yake? Ni kweli. Mwaka 1325, naye ana umri wa miaka 21, alitoka kwao Tanja katika nchi ya Moroko bila ya mwenza wala msafara, nia yake ni kuhiji. Lakini yeye mwenyewe amesimulia yaliyompata. Njiani alishikwa na homa hata akajifunga juu ya mnyama wake asije akaanguka. Alipofika Tunis watu wa mji waliwalaki wenziwe na kuwaamkia, na yeye asimjue mtu wa kumwamkia. Akalia, mpaka mmoja katika mahujaji alipotambua huzuni yake akamjia na kumliwaza. Alipoondoka Tunis alikuwa kadhi wa msafara mzima. Msafiri mashuhuri kuliko wote katika tarehe yetu alianza peke yake, na upweke ulimtoka kwa ukarimu wa mtu mmoja.

Mwaka 1331 alifika katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ameeleza kwamba Mogadishu, jahazi ikifika, vijana wa mji huiendea kwa mashua pamoja na chakula, na kila mmoja humchukua mfanya biashara mmoja kuwa mgeni wake. Alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akafika Kilwa, akausifu ukarimu wa Sultani wake, Hassan bin Suleiman. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya pwani hii, ya kuwa mgeni hashuki chomboni ila ana mwenyeji.

Na masheikh zetu walisafiri vivyo hivyo. Sayyid Ahmad bin Sumeyt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na akawa kadhi wa Zanzibar, alikwenda Hadhramaut, Istanbul na Misri. Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyeanzisha madrasa yake Ukutani hapa mjini, alifika Hadhramaut, Jawa na hata Cape Town. Kila walipokwenda walikuwa na mwalimu wa kumwendea na nyumba ya kufikia. Walirudi na elimu, na elimu ile ndiyo tunayoila mpaka leo.

Muuzaji wa pili

Sasa tufike palipo na uzito. Wapo wanaouza safari ya peke yako kwa watoto wetu, nao hawauzi matembezi bali wanauza kazi. Wakala huja mtaani, au hutuma ujumbe katika simu ya binti, na maneno yake yanafanana sana na yale ya mwanzo: utajitegemea, utakuwa huru, hutamwomba mtu. Binti hupanda ndege kwenda Oman au Imarati kufanya kazi za nyumbani, hana anayemjua anakokwenda.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuhojiana na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi hizo katika nchi mbili hizo. Wengi wao walieleza kunyang'anywa pasi zao za safari, kufanyishwa kazi saa nyingi bila ya mapumziko, na kupunjwa mishahara. Sheria za kafala zilimfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, akawa hawezi kuondoka apendapo. Hawakosekani waajiri wema, na wapo waliorejea na kheri wakawajengea wazee wao nyumba. Lakini angalieni: mgeni wa Ulaya akichoka na upweke wake hununua tikiti akarudi kwao. Binti yetu akichoka, pasi yake imo katika sanduku la mtu mwengine. Neno "peke yako" ni moja, lakini bei yake si moja.

Yatupasayo

Kwanza, enyi wazazi, msijibu tangazo kwa kelele. Kijana anayekatazwa bila ya sababu humwendea muuzaji anayemsikiliza. Kaeni naye, mumwulize: unakwenda kutafuta nini? Ikiwa ni elimu au riziki ya halali, tafuteni njia pamoja. Kwa mabinti, yajulikana maneno ya Sharia juu ya maharimu. Na maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi walipoijuzisha Hija ya faradhi kwa mwanamke asiye na maharimu, walitaja kuwepo kwa wanawake waaminifu wa kufuatana nao. Maana yake ni usalama na wenzi wema.

Pili, anayekwenda kazini asiondoke mpaka mkataba wake usomwe na mtu anayeujua, nakala ya pasi ibaki nyumbani, na iwepo nambari ya ubalozi na ya jamaa mmoja aliye huko. Mambo haya hayana gharama kubwa.

Tatu, enyi vijana wa mjini, yule mgeni anayepita peke yake Hurumzi au Mkunazini ana haki juu yenu. Qur'ani imemweka msafiri aliyekatikiwa na njia katika mafungu manane ya wenye kustahiki zaka. Vipi basi awe windo la papasi, akapotezwa njia ili alipishwe fedha za kuonyeshwa? Mwonyesheni njia, muiamkie salama yake, na mumwachie heshima yake. Na mwanamke aliye peke yake asifuatwe hata kwa neno.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Safari ina kheri nyingi, na kijana mwenye akili huru ni hazina ya umma. Basi na asafiri, lakini awe na mwenzi njiani, na jina la mwenyeji mfukoni, na mlango wa kurudia kwao usiofungwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, wa nchi kavu na wa baharini na wa angani, na awarejeshe kwao kwa salama. Amin.