Dodoma Inakunywa Mvua za Zamani

Ifikapo Novemba, Dodoma huwa imechoka. Joto la mchana linapita nyuzi 30, vumbi limetanda, na tangu Mei mbingu haijatoa mvua ya kueleweka. Pwani wana vuli na masika. Sisi wa nyanda za kati tuna msimu mmoja tu, wa kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikikaribia, watu hutoka nje kuipokea, na harufu yake hutangulia kabla ya matone.

Harufu hiyo imechunguzwa. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kwamba wakati wa ukame mafuta ya mimea hujikusanya kwenye mawe na udongo, kisha hutoka pale unyevu unapozidi. Humo imo pia jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo kupita kiasi: sehemu chache katika trilioni moja. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walirekodi kwa kamera za kasi tone likianguka juu ya udongo. Hewa iliyonaswa chini yake ilipanda kama viputo, ikapasuka na kurusha vitone vidogo mno vinavyopeperushwa na upepo. Rasharasha hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mvua ya kumwagika.

Basi vuta pumzi, sikiliza bati, furahia ubaridi unaokuja maji yanapogeuka mvuke na kuondoka na joto la ardhi. Ni faraja ya kweli. Lakini mimi naona sababu kubwa zaidi ya kushukuru iko chini ya ardhi, Makutupora, kaskazini mwa jiji.

Visima virefu vya huko vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwamo wataalamu wa maji wa Kitanzania, walichapisha rekodi ya miaka 55 ya vipimo hivyo. Matokeo yake yanastahili kujulikana na kila mwenye bomba Dodoma. Maji ya chini hushuka mwaka baada ya mwaka, hata mvua ikiwa ya kawaida. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kali, mara nyingi wa El Nino au wa Bahari ya Hindi kupata joto upande wetu, na kiwango kinapanda. Msimu wa 1997/98 ni mmojawapo.

Mvua ya wastani hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Nyingi huishia kwenye udongo wa juu, ambako mizizi na jua huimaliza. Ili maji yashuke hadi kwenye miamba, lazima makorongo yafurike. Mto Kinyasungwe Mdogo, mkavu sehemu kubwa ya mwaka, hujaa ghafla, na maji yake hupenya kwenye mchanga wa mkondo.

Najua El Nino ya 1997/98 inakumbukwa kwa barabara na madaraja yaliyosombwa. Maji ya Kinyasungwe, yakifika Gulwe na Kidete, yamekata reli ya kati mara nyingi. Sithubutu kumwambia aliyepoteza nyumba ashukuru. Ninachosema ni kwamba mafuriko yaliyotuumiza yalituwekea pia maji, na jiji lililohesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022 linayahitaji mno. Ndiyo maana naumia nikiona mkondo wa korongo umegeuzwa viwanja au jalala.

Mkulima wa mtama kule Mvumi anaomba mvua ya kupokezana, inayonyesha leo na kurudi wiki ijayo, isiyong'oa miche. Anayo haki, kwani njaa ya Ugogo imezoea kuja mvua inapokatika Januari au Februari. Kisima cha Makutupora kinahitaji mvua ya namna nyingine kabisa, ile ya usiku kucha ambayo mkulima huyo huiogopa. Dodoma inaishi kwa zote mbili, na ni nadra msimu mmoja kuzitosheleza.