Mbwa wa Mbegu Moja, Tabia Mbalimbali

Msomaji mpenzi, bila shaka umepata kusikia watu wakisema, "Mbwa wa Kijerumani ni mkali." Nami nilisadiki hivyo, hata siku nilipoaibika.

Mbwa hao ni wakubwa. Dume husimama sentimeta 60 hadi 65 begani, na uzito wake ni kilo 30 hadi 40. Asili yao ni kuchunga kondoo. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa askari huko Ujerumani, alianzisha chama cha kukuza mbegu yao. Baadaye wakafundishwa kazi ya polisi, na hata kuongoza vipofu.

Mimi nilipata wawili, watoto wa mama mmoja, kutoka shamba la mkonge upande wa Muheza. Rangi moja, masikio yale yale. Simba alimpokea kila mgeni kwa kutikisa mkia. Tarishi alikuwa mwoga. Ngurumo ikilia, alijificha uvunguni. Nikaona haya kufuga mbwa mwoga. Nikamfunga mlangoni kwa mnyororo mfupi ili awe mkali.

Asubuhi moja mtoto wa jirani alikuja kurudisha ndoo. Tarishi aliogopa, wala hakuwa na pa kukimbilia. Akamwuma mguu.

Tuliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, tukampeleka hospitali upesi, akachomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Kwa neema ya Mungu akapona.

Wengi walitaka Tarishi auawe. Nikaenda kwa baba wa mtoto, nikapiga hodi.

"Mzee, kosa ni langu, si la mbwa."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Bwana karani, mfungue mnyama wako, lakini jenga ua. Sisi Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na watoto wetu hupita hapa."

Nikajenga ua wa miti. Tarishi hajawa jasiri hata leo. Lakini usiku yeye ndiye asikiaye nyayo kwanza. Hubweka, nasi tukaamka. Simba angali amelala.

Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa habari za uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000. Waliona kwamba mbegu ya mbwa hueleza kama sehemu 9 tu katika 100 za tofauti za tabia zao.

Basi, msomaji, usimpe mbwa kazi kabla hujamjua. Usimwache mtoto mdogo peke yake na mbwa, hata awe mpole namna gani. Mpeleke akachanjwe kila mwaka. Wala usimpige mwoga ili awe shujaa.

Ninyi wazazi mwalijua jambo hili zamani: watoto wa tumbo moja, lakini kila mmoja na moyo wake.