Korongo Taji Aliyejeruhiwa na Njia ya Kumrudisha Kinamasini

Korongo taji, ambaye Wakalenjin humwita kong'ony, hutaga mayai yake kinamasini na kutafuta chakula katika mashamba ya mahindi na ngano yanayouzunguka mji wa Eldoret nchini Kenya, ambako hukutana na nyaya za umeme, mbwa na nafaka iliyotiwa sumu. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege wa dunia walio hatarini kutoweka.

Anapookotwa akiwa amevunjika bawa, madhara makubwa mara nyingi hutokana na huruma yenye pupa. Mfupa wa juu wa bawa una uwazi uliounganishwa na vifuko vya hewa, yaani mifuko myembamba inayosaidia mapafu, kwa hiyo maji yanayomiminwa kwenye mfupa uliotokeza nje yanaweza kumzamisha ndege akiwa nchi kavu. Aidha, ndege wa miguu mirefu akishikwa kwa muda mrefu huingiwa na hofu inayoharibu misuli, naye huweza kufa siku kadhaa baadaye hata kama jeraha lilikuwa dogo. Inafaa afunikwe kitambaa, awekwe mahali penye giza, kimya na hewa ya kutosha, asinyweshwe wala kulishwa kwa nguvu, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) liarifiwe mara moja, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga bila kibali.

Mfupa huweza kuunga kwa wiki tatu hivi. Kazi ngumu huja baadaye, kwa kuwa misuli iliyolegea hudai mazoezi ya kuruka ndani ya kizimba kirefu, na manyoya yaliyokatwa hayaoti upya mpaka mashina yake yapukutike. Kifaranga aliyelelewa mikononi ana shida kubwa zaidi, maana huwafuata watu akidhani ni wazazi wake.

Nchini Rwanda, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kuwaorodhesha korongo waliofugwa majumbani na hotelini. Walioweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Akagera, na wale ambao mabawa yao yaliharibika kabisa wakapewa makao Umusambi, kinamasi kilichofufuliwa jijini Kigali. Korongo wa Eldoret aliyepona anastahili kuachiwa karibu na alikookotwa, ikiwa hatari iliyomjeruhi imeondolewa, kwa sababu ndege hawa hukaa na mwenzi mmoja kwa miaka mingi na huenda mwenzake bado yumo katika matete yale yale.