Redio ya Babu Yapata Uso Mpya

Katika vilima vya Murang'a, ndani ya nyumba ya mkulima mmoja wa kahawa, iko redio ya mbao iliyonunuliwa mwaka 1966 kwa fedha za mavuno. Aliyeinunua alikuwa baba wa mkulima huyo, naye amekwisha kufariki dunia. Siku ya 22 Agosti 1978, Rais Jomo Kenyatta alipofariki, majirani walijaa ua mzima ili wasikie kwa masikio yao habari za msiba huo kutoka Sauti ya Kenya. Kwa hiyo redio hiyo si chombo tu. Ni kumbukumbu ya mji mzima.

Lakini kwa miaka mingi ilikaa juu ya rafu karibu na meko. Moshi wa kuni na mvuke wa vyungu viliipata kila siku. Mbao zilivumilia, bali wavu wa chuma unaoifunika spika ukashikwa na kutu hata ukawa na rangi ya udongo. Redio yenyewe ilikuwa ingali ikisema, ila kwa mkwaruzo.

Wakati wa likizo kijana wa nyumba hiyo, karani mjini, alifika na kopo la rangi ya fedha na brashi. Akasema, "Baba, nitaipaka sasa hivi, kabla chai haijawa tayari."

Baba yake akamzuia. "Mwanangu, ile ni sauti ya babu yako. Tumwulize fundi kwanza."

Mzee alikuwa na sababu. Jirani yake aliwahi kuipaka redio yake namna hiyo, juu ya kutu na vumbi. Mvua za masika zilipokwisha, rangi mpya ilikuwa imevimba na kubambuka kama ganda la muwa. Tena matundu mengi yalikuwa yamezibwa, na msomaji wa habari akasikika kama mtu aliyejifunika blanketi usoni.

KUTU NI ADUI WA NAMNA GANI?

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa ya oksijeni. Hata unyevu usioonekana kwa macho watosha kuianzisha, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana vyombo vya chuma huharibika upesi katika miji ya pwani kama Mombasa na Lamu. Aluminiamu nayo hushikwa na hewa, lakini utando wake ni mgumu na huilinda. Kutu ya chuma sivyo. Ni laini, ina vinyweleo, nayo huyapitisha maji yazidi kula ndani. Isitoshe, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huinua rangi yo yote iliyopakwa juu yake. Bandu bandu huisha gogo.

Pamoja na hayo, watengenezaji wa redio walikuwa na sababu za kutumia madini. Mwaka 1949 Bwana Harry Franklin, aliyeongoza kazi ya habari katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alisaidia kuleta redio ya bei nafuu kwa Waafrika. Kampuni ya Ever Ready iliitengeneza, ikauzwa kwa paundi 5, yaani shilingi 100 za siku hizo, bila betri. Umbo lake la duara liliipatia jina la redio ya sufuria. Katika nchi yenye mchwa, panya na safari za baiskeli, madini yalifaa kuliko mbao. Nao wavu wa madini ulilinda karatasi ya spika isitobolewe.

FUNDI ASEMA

Fundi wa redio sokoni aliigeuza ile redio mara mbili, kisha akampa yule kijana shauri la kwanza: wavu usipakwe rangi, wala usisuguliwe, ukiwa ungali juu ya spika.

Sababu ni sumaku. Nyuma ya kila spika ya namna hiyo iko sumaku yenye nguvu, na katikati yake ni mwanya mwembamba ambamo koili ya waya hucheza. Mtu akisugua kutu hapo karibu, vumbi la chuma huvutwa na kuingia katika mwanya huo. Tangu hapo spika hukwaruza, na kuisafisha ni kazi ngumu sana. Rangi nayo ikidondokea karatasi ya spika huifanya nzito na ngumu, na sauti hupotea.

Shauri la pili lilihusu uhai wa mtu. Redio ya mawe, yaani ya betri za tochi, haina hatari kubwa. Yatosha kuyatoa mawe. Lakini baadhi ya redio za zamani za umeme wa nyumba zilitengenezwa hivi kwamba fremu ya chuma iliyomo ndani yaweza kuwa na umeme wa waya za ukutani. Tena vipo vifaa vya ndani vinavyoweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Redio ya namna hiyo yapasa kufunguliwa na fundi mwenyewe.

Shauri la tatu: rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo rangi kuukuu isisuguliwe kavu. Hutumiwa msasa wa maji, nje ya nyumba, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa kwa barakoa inayofaa, watoto wakiwa mbali. Na taka zake hukusanywa, wala hazimwagwi shambani.

KAZI YENYEWE

Baba na mwana walirudi nyumbani wakaanza. Walitoa mawe, wakafungua skrubu za nyuma na kuzitia katika kikombe zisipotee. Wavu ulikuwa umeshikwa kwa vikucha vidogo vya bati. Kijana alivikunjua polepole, kwa kuwa bati lililokunjwa mara nyingi hukatika.

Ndipo walipoona jambo ambalo hawakulitazamia. Chini ya ukingo wa mbao, mahali ambapo moshi haukufika, palibaki kipande cha rangi ya asili: kijani cha majani ya chai. Mzee akakitazama kwa kitambo. "Hata mimi nilikuwa nimesahau," akasema. Kopo la rangi ya fedha likawekwa kando.

Waliuosha wavu kwa sabuni na maji ya moto ili kuondoa masizi na mafuta, kwa maana rangi haishiki juu ya mafuta. Kisha wakausugua kwa msasa wa maji, kwanza ule mkali, halafu ule laini. Palipobaki kutu katika matundu, waliulaza wavu katika siki usiku mmoja, ndani ya beseni la plastiki. Asubuhi waliusugua kwa brashi, wakausuuza kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua ukali wa siki, na tena kwa maji safi. Ukakaushwa juani pasipo kuchelewa, maana chuma kitupu chenye maji huanza kushika kutu upya baada ya muda mfupi.

Siku ile ile walipaka rangi ya kwanza, ile nyekundu izuiayo kutu. Ilipokauka walipuliza rangi ya kijani kutoka kopo la kupulizia, wavu ukining'inia kwa waya chini ya mti, mbali na moto, kwani rangi hizo huwaka upesi. Walipuliza kwa umbali wa sentimita 25 hivi, mara tatu, kila mara nyembamba, wakingoja kila moja ikauke. Rangi nzito ya mara moja huchuruzika na kuziba matundu. Machache yaliyozibika yalizibuliwa kwa mwiba kabla rangi haijawa ngumu.

Kurudisha wavu kulingoja siku kadhaa, hata rangi ilipokuwa haiachi alama ya kidole. Haraka haraka haina baraka.

Jioni waliporudisha mawe, redio ilisema. Mkwaruzo wake haukuisha wote, kwa kuwa rangi haiponyi ugonjwa wa ndani. Lakini sauti ilitoka bila kuzuiwa, na uso ulikuwa ule alioujua babu. Mzee hakuirudisha jikoni. Aliiweka sebuleni, mbali na dirisha la mvua, akamwagiza mjukuu wake aifute vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa kikavu.