"Usiogope, Haumi": Mbwa wa Jirani na Afya Yako

Bila shaka umewahi kuyasikia maneno haya: "Usiogope, huyu haumi." Umesimama kando ya barabara, mfuko wa nyanya mkononi, mbwa mkubwa kama ndama anakunusa magoti, naye mwenye mbwa anakupigia kelele hizo akiwa hatua ishirini nyuma, bila kuharakisha mwendo. Ukikasirika, wewe ndiye unayeonekana mwoga. Ukinyamaza, kesho mbwa yule yule atakungoja mahali pale pale.

Hapa Kisumu kero hii ina sura nyingi. Katika mtaa wa Milimani utaona lango lililoandikwa "Mbwa Mkali" kwa rangi nyekundu, lakini limeachwa wazi tangu gari lilipotoka asubuhi. Huko Nyalenda, Manyatta na Obunga, ambako wapangaji wengi hutumia ua mmoja, mbwa wa mpangaji mmoja hulala mlangoni pa mwingine, huacha kinyesi chini ya kamba ya nguo, na usiku hubweka kila boda boda inapopita. Ufuoni Dunga mbwa huja kutafuta matumbo na vichwa vya samaki, na wakati wa kuondoka hupita juu ya nyavu ambako akina mama wameanika omena. Ukiuliza ni mbwa wa nani, huenda usipate jibu. Ni "mbwa wa hapa."

Wengi wetu huyatia mambo haya katika kapu moja na redio ya jirani au maji machafu yanayomwagwa njiani. Ni maudhi madogo, mtu huvumilia ili asiharibu ujirani. Mimi kama daktari sitaki kukuambia kwamba kila kero ni ugonjwa, kwa maana magonjwa tuliyo nayo yanatutosha. Lakini kero hii ya mbwa imebeba ndani yake ugonjwa mmoja ambao, dalili zake zikishatokea kwa binadamu, hatuna dawa ya kuuponya.

Niyamalize kwanza yale mepesi. Kelele za usiku si jambo la kuchekwa: mtu anayekatizwa usingizi mara kwa mara huamka amechoka na mwenye hasira, na ikiwa ana shinikizo la damu, kukosa usingizi hakumsaidii hata kidogo. Kinyesi cha mbwa nacho huwa na mayai ya minyoo. Mtoto anayecheza mchangani kisha akatia vidole mdomoni anaweza kuyameza, na vijidudu vinavyoanguliwa vikatangatanga mwilini, mara nyingine hadi kwenye jicho. Mbwa apewe dawa ya minyoo, kinyesi kizolewe na kufukiwa, mtoto anawe mikono. Na omena, ambaye hata hivyo hupikwa, aanikwe juu ya vichanja vilivyoinuliwa kutoka chini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, yaani kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Katika Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa karibu na Nairobi. Duniani kote inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika, na katika visa 99 kati ya 100 chanzo ni mbwa. Hapa nchini makadirio yanayotajwa mara nyingi hufika watu 2,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu kufikia mwaka wa 2030, na kaunti tano zikachaguliwa kuwa za kuanzia: Machakos, Kitui, Makueni, Siaya na hii yetu ya Kisumu. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya mambo ya mbali.

Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mbwa koko asiye na mwenyewe, aliyekonda, anayetoka vichakani huku povu likimtoka. Picha hiyo inatupotosha. Uchunguzi uliofanywa Machakos katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mbwa wa vijijini wana wenyewe, ila wengi wao hawafungwi. Karibu nusu yao walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Hebu fikiri maana yake: mbwa hufa na kuzaliwa upesi kiasi kwamba chanjo iliyotolewa mtaani mwaka juzi imekwisha kupotea, kwa sababu mbwa waliochanjwa wengi hawapo tena. Hii ndiyo sababu wataalamu husema ni lazima mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na kampeni hiyo irudiwe kila mwaka.

Hapa ndipo maneno "huyu haumi" yanapokosa maana. Mwenye mbwa anatoa ushahidi juu ya tabia. Huenda anasema kweli: mbwa wake ni mpole, amecheza na watoto wa mtaa mzima. Lakini virusi vya kichaa havitazami tabia. Huingia kwenye ubongo wa mnyama na kuibadilisha. Mbwa mpole huanza kuuma mawe, vijiti na watu. Sauti yake ya kubweka hugeuka. Mate humtiririka kwa kuwa hawezi kumeza. Wengine hawawi wakali kabisa, bali hujificha gizani, taya likalegea, na mtu mwenye huruma akatia mkono kinywani kutafuta mfupa uliokwama. Na mbwa mpole ndiye hatari zaidi kwa namna moja: watoto hawamkimbii.

Virusi hivyo hukaa katika mate. Huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mbwa akilamba kidonda, jicho au mdomo. Kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa juma moja au hata mwaka. Jeraha likiwa usoni, kichwani au mikononi, safari huwa fupi. Mtoto mdogo, kwa sababu ya kimo chake, mara nyingi huumwa sehemu hizo za juu.

Safari hiyo ndefu ndiyo bahati yetu. Inatupa nafasi ya kukizuia kifo kabla hakijafika, na hatua ya kwanza haihitaji daktari. Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Tazama saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Sabuni ya kipande inatosha, hata ile ya kufulia, na kama hakuna bomba mtu mmoja amwage maji kutoka kwenye jagi huku mwingine akiosha. Sabuni huharibu virusi vyenyewe, haiondoi uchafu tu. Ukiwa na dawa ya aidini au spiriti, paka baadaye.

Usipake pilipili, udongo, mafuta ya taa wala maji ya betri. Usifunge jiwe jeusi wala manyoya ya mbwa aliyekuuma. Nimeona majeraha madogo yaliyogeuzwa kuwa makubwa kwa dawa za namna hii, na muda uliopotea ni ule ule uliokuwa wa kuokoa maisha.

Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama alama ya meno ni ndogo. Wako wanaoogopa kwa sababu babu aliwasimulia juu ya sindano 21 za tumboni. Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani. Ya siku hizi hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, na ratiba iliyozoeleka ni siku unayoanza, ambayo sisi huiita siku ya 0, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Hospitali nyingine huongeza ya 28. Tangu mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani limekubali pia ratiba fupi ya juma moja, ambayo sindano zake huchomwa juu juu ndani ya ngozi. Jeraha likiwa limetoboa ngozi, huhitajika pia imunoglobulini, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa, ambayo hudungwa kulizunguka jeraha ili ifanye kazi mwili unapotengeneza kinga yake wenyewe. Utapewa vile vile sindano ya pepopunda ikiwa unaihitaji. Mama mjamzito na mtoto mchanga wanaweza kuchanjwa bila hofu. Kituo kikikuambia chanjo imekwisha, usirudi nyumbani kungoja: omba uelekezwe kwingine siku hiyo.

Na mbwa je? Hasira ya kwanza ya umati ni kumpiga mawe hadi afe. Ninaielewa hasira hiyo, lakini mbwa aliye hai anaweza kutueleza mengi. Virusi hutokea katika mate yake siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuugua. Basi akifungwa na kutazamwa kwa siku 10, akabaki mzima anakula na kunywa, maana yake siku alipokuuma hakuwa na virusi katika mate, na daktari anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo 10 ziishe ndipo uanze chanjo. Mbwa akionyesha dalili, akifa au akitoweka, mjulishe daktari wa mifugo na umalize sindano zote.

Bila shaka hayo yanawezekana tu ikiwa mwenye mbwa anajitokeza. Kuna mama mmoja aliyemleta mwanawe kwangu akaniambia kwamba mbwa aliyemuuma alikuwa wa nyumba ya pili, lakini mwenyewe alipoona damu alimkana kabisa. Mwenye kumkana mbwa wake wakati huo anamkosesha mgonjwa habari ambayo hakuna maabara itakayoitoa upesi kama macho yake yeye.

Mwambie jirani yako mapema, kabla hakujatokea damu. Wala si lazima kuanza na lawama. "Baba Akinyi, samahani, huyu mbwa wetu amechanjwa mwaka huu? Naomba nione cheti, watoto wanacheza naye sana." Swali la cheti haligusi heshima ya mtu wala tabia ya mbwa. Akisema hajachanjwa, mwelekeze kwa ofisi ya mifugo, na mkiwa wapangaji wengi katika ploti moja, ombeni ofisa aje mara moja awachanje wote. Akikataa kabisa, mwendee mzee wa mtaa au chifu. Sheria ipo: Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na hata katika Kanuni za Adhabu ni kosa mtu kupuuza kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Lakini kwa maoni yangu polisi wawe wa mwisho. Ujirani ukivunjika, mbwa hatachanjwa bado.

Wala usidhani ni kazi isiyo na mwisho. Kisiwani Pemba, kwa kuchanja mbwa, waliumaliza ugonjwa huu mwaka wa 2014. Uliporudi mwaka wa 2016 walichanja tena kisiwa kizima, na mwaka wa 2018 ukaondoka mara ya pili. Sisi hatujazungukwa na bahari, hilo ni kweli, lakini chanjo ni ile ile.

Neno moja juu ya watoto. Mtoto aliyeumwa mara nyingi huficha, kwa kuwa anaogopa atapigwa kwa kumchokoza mbwa. Mwambie leo, kabla ya tukio lolote, kwamba hatapigwa, na kwamba hata mkwaruzo mdogo ausema. Mfundishe kutomkaribia mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto wachanga, na kutokimbia akifuatwa bali asimame kimya mikono ikiwa chini.

Wakati wa likizo za shule, hasa Desemba, familia nyingi huenda nyumbani Siaya, Homa Bay au Migori, na watoto waliozaliwa mjini hukutana na mbwa wasiowazoea. Ikiwa mmoja wenu amekwisha kuanza sindano hapa mjini, msafiri na kadi yake. Hospitali ya kule itaendelea pale ilipoachiwa, na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi haisogezwi kwa ajili ya mazishi wala harusi.